Mjadala: Soko la Kariakoo lilindwe kisheria, au "si la kale"?

Wadau, kila soko la Kariakoo, Dar es Salaam, linapotajwa husikia hoja hii: jengo la 1975 si la kale, maegesho hakuna, livunjwe tupate ghorofa refu lenye fremu nyingi. Napinga, tena kwa nguvu zote.

Kuvunja tulishavunja. Pale palikuwa na jengo la Wajerumani. Waingereza wakaligeuza kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina Kariakoo. Baadaye likawa soko, na miaka ya 1970 likaondolewa. Limebaki jina.

Lililofuata lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Ukiingia, inua macho. Paa ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mvua ikinyesha, miavuli inayakinga maji na kuyashusha hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Joto linapanda, upepo unapita. Utotoni mama alinishika mkono tukashuka shimoni, yaani sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, kununua nyanya: nje jua la saa sita linachoma, chini ubaridi, harufu ya vitunguu, na makuli wakipiga kelele "pisha, pisha!" huku tenga likipita juu ya kichwa changu. Hiyo hali ya hewa ilitokana na mchoro, haikununuliwa kwa umeme.

Moto wa Julai 10, 2021 uliunguza mali za watu, na uchungu wao siuchukulii kirahisi. Lakini jengo likaonekana linafaa kukarabatiwa, na jipya likajengwa jirani yake. Basi hoja ya nafasi ina jibu bila kuvunja.

Kinachonitia hofu ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hadi waziri ayatangaze. Kwa kipimo hicho kazi za wasanifu wetu wa baada ya uhuru karibu zote ziko nje. Tutazihesabu lini, zikishakuwa kifusi? Naomba waziri alitangaze soko hili sasa.

Uchafu, mitaro iliyoziba na msongamano vilikuwepo, sikatai. Mliouza shimoni kabla ya moto, semeni: kilichowatesa ni jengo, au uendeshaji wake?