Miaka sita ya mikataba ya miezi mitatu mitatu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo kiwanda kimoja hapa Dar, upande wa kufungasha. Tangu 2019 nasaini mkataba wa miezi mitatu, ukiisha wananipa mwingine. Mashine ninayoendesha nimewafundisha vijana wanne, wawili wameshaajiriwa moja kwa moja. Mimi kitambulisho changu bado kimeandikwa "kibarua", na mke wangu alipojifungua bima haikuwepo, tukauza cherehani yake.

Safari hii HR ametuita mmoja mmoja, anataka tusaini karatasi kwamba hatuna madai yoyote ya nyuma. Sijasaini. Mkataba unaisha Ijumaa.

Najua mtu akiachishwa ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Pia kanuni za ajira za 2007 zinaruhusu kudai kwamba ulitarajia kuongezewa mkataba, kwa vile ulishaongezewa huko nyuma. Ila mimi nataka kazi ya kudumu, siyo fidia.

Aliyewahi kupita hapa, nianzie wapi? Nisaini huku nikiandika kwamba sikubaliani, au nigome kabisa? Mikataba ya zamani ninazo nakala tano tu, hati za mishahara zote ninazo.