Msiniambie tena kwamba "huu ni mtihani wa ndani tu": wizi wa mitihani katika sekondari zetu za Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Binti yangu anasoma Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Wilaya ya Ubungo, ambayo sitaitaja kwa sababu bado anasoma pale na sitaki aje kulipizwa maneno ya mama yake. Wiki iliyopita alirudi na ripoti ya muhula pamoja na taarifa kwamba ameondolewa Mkondo A na kupelekwa Mkondo C. Sababu iliyoandikwa ni "kushuka kwa ufaulu". Sababu ninayoijua mimi ni kwamba alifanya mitihani kwa akili yake mwenyewe ndani ya chumba ambacho wenzake wengi walikuwa wanaibia, na walimu walijua.

Nasema walijua kwa sababu niliwaambia mimi mwenyewe. Mtihani wa Baiolojia ulikuwa wa ujirani mwema, yaani shule kadhaa za karibu zilichangia gharama, zikatunga karatasi moja na kupanga kuifanya wiki moja. Utaratibu huo ni mzuri iwapo shule zote zinafungua bahasha siku moja na saa moja. Shule ya jirani ilifanya Baiolojia Jumatatu asubuhi, na shule yetu ikaisogeza hadi Jumanne kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza. Jumatatu saa kumi na mbili na robo jioni, picha nne za karatasi hiyo ziliingia kwenye simu yangu. Binti yangu hana simu, hivyo katika kundi la WhatsApp la darasa lao ameunganishwa kwa namba yangu. Nilimpigia mwalimu wa darasa mara tatu bila kupokelewa, nikamtumia picha zote nne pamoja na ujumbe wa kumwomba amjulishe mkuu wa shule usiku huohuo. Alama za kuonyesha kwamba ameusoma zilitokea kabla ya saa mbili usiku. Asubuhi yake wanafunzi walipewa karatasi ileile, maswali yaleyale, bila kubadilishwa hata nukta.

Usiku ule binti yangu aliniuliza kama anaweza kuangalia swali la mwisho peke yake. Nilimkatalia. Alipata alama 61, wakati wenzake ambao kwa mwaka mzima hawajawahi kuvuka 50 walipata 88, 90 na 93. Tangu ripoti itoke hanisemeshi vizuri, na mimi sina jibu la kumpa, kwa sababu katika hesabu ya shule yake mkosaji ni yeye.

Mtihani wa Hisabati ulikuwa na aibu ya aina nyingine. Wanafunzi 68 walikaa chumba kimoja, watatu watatu kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa watu wawili, na viwiko vyao viligusana kutoka mwanzo hadi mwisho. Msimamizi alikuwa mmoja. Ilipofika saa nne alitoka kwenda kunywa chai, akarudi baada ya muda mrefu akiwa na bunda la madaftari ya kusahihisha, akainamisha kichwa humo mpaka kengele ikalia. Binti yangu anasema kanuni zilikuwa zimeandikwa kwa penseli ndani ya vifuniko vya mikebe ya hesabu, wengine walikuwa nazo pembezoni mwa vitabu vya majedwali, na mmoja alienda chooni mara mbili kusoma karatasi aliyoiacha juu ya ukuta. Hakuna jipya hapo. Nilifundisha sekondari miaka tisa mkoani Morogoro kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na mbinu hizo zilikuwapo hata wakati huo. Ninachokataa ni mtu mzima anayelipwa kusimamia mtihani kuuacha ujisimamie.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu wa taaluma alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, usijiumize kichwa. Huu ni mtihani wa ndani tu. Wakifika NECTA watachujwa wenyewe," akimaanisha mitihani ya taifa ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Akaongeza kwamba hatua zimeshachukuliwa, kwani wavulana wawili waliokutwa na vikaratasi walichapwa viboko sita kila mmoja mstarini, mbele ya shule nzima. Nilimkumbusha kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu kuzidi viboko vinne. Hakunijibu. Na hata vingekuwa vinne, yule aliyesambaza picha hakuguswa, mwalimu aliyepokea ujumbe wangu hakuulizwa lolote, na matokeo ya karatasi iliyovuja yametumika kuwapanga watoto kwenye mikondo.

Kauli hiyo ya "mtihani wa ndani tu" ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu nimeisikia pia kwa wazazi wa Mbagala, Tabata na Tegeta, na kila anayeitamka huitamka kama faraja. Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 9,736 wa Darasa la Saba mwaka 2011 kwa udanganyifu. Mwaka 2022 likafuta ya watahiniwa 2,194 wa darasa hilohilo, likafungia vituo 24, na watoto wakalazimika kurudia mtihani mwezi Desemba wakati wenzao wako likizo. Mwaka huohuo mtoto wa kike wa mkoa wa Pwani alijitokeza hadharani kulalamika kwamba amebadilishiwa namba ya mtihani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alikuwa anasema kweli. Mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kubuni udanganyifu wa namna hiyo. Alikuta watu wazima waliokwisha kuzoea, na mazoea hayo hayaanzi siku ambayo bahasha za NECTA zinaletwa na askari. Huanzia kwenye majaribio ya kila wiki na mitihani ya muhula, ambako hakuna askari, hakuna msimamizi kutoka shule nyingine, na Baraza halina mkono.

Naambiwa pia kwamba tatizo ni msongamano na uhaba wa fedha. Msongamano naujua. Tangu ada ifutwe, watoto wameongezeka kuliko vyumba, na hapa Dar es Salaam zipo shule zinazosoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Lakini nilisimamia madarasa ya watoto zaidi ya sitini kwa miaka yote ile, na mambo yaliyosaidia hayakugharimu chochote. Tulichanganya vidato: dawati moja lilikuwa na mtoto wa Kidato cha Pili na wa Kidato cha Nne, hivyo ukipiga chabo kwa jirani unakuta anajibu somo usilolijua. Siku ambazo haikuwezekana, nilitunga karatasi mbili zinazofanana kwa sura. Karatasi ya kwanza ilitaka eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7, ya pili ilisema sentimita 14, na maswali kumi ya kuchagua yalipangwa kwa mfuatano tofauti. Aliyepewa 14 akaandika jibu 154, wakati jibu lake lilipaswa kuwa 616, alikuwa amejiandikia mashtaka yake mwenyewe, na sikuhitaji kumkamata wala kumchapa mtu. Nilikuwa naandika majina mawili kwenye daftari na kuwaita baada ya saa za masomo tuzungumze. Baada ya muhula mmoja kuangalizia kulipungua sana, kwa kuwa watoto waligundua kwamba jibu la jirani linaweza kuwa sumu.

Mengine ni madogo na kila mwalimu anayajua. Mikebe inafunguliwa na kukaguliwa mlangoni. Mabegi yanabaki nje, chini ya ubao wa matangazo. Choo kinakaguliwa kabla ya mtihani na katikati yake. Wanafunzi hukaa kwa namba walizopangiwa asubuhi hiyo, si kwa urafiki. Msimamizi husimama nyuma ya darasa, mahali ambapo mtoto hamwoni anaangalia wapi, na wala hasahihishi madaftari. Karatasi zikidurufiwa steshenari ya mtaani, mwalimu anakaa pale mpaka nakala ya mwisho itoke na zile zilizoharibika anaondoka nazo, kwa sababu karatasi nyingi huvujia hapo, kwa kijana wa mashine ambaye mdogo wake anasoma shuleni hapohapo. Na karatasi ikishavuja, inabadilishwa. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa machozi, kwani shule yetu ilikuwa na usiku mzima wa kuibadilisha.

Wazazi nasi tumo. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, na niliunga mkono uamuzi ule. Hata hivyo ukipita Barabara ya Morogoro utakuta mabango ya shule yakihesabu Daraja la Kwanza kama wauza matunda wanavyohesabu mafungu, na sisi ndio tunaoyasoma na kuhamisha watoto. Katika kundi letu la wazazi nilipoweka habari ya picha za Baiolojia, mzazi mmoja aliniuliza kwa nini sikumwonyesha mwanangu kama wengine walivyofanya. Watu wanne waliunga mkono swali lake. Namheshimu kama mzazi mwenzangu, lakini alichoniambia ni kwamba nimfundishe mtoto wangu kuiba ili asipitwe na wezi.

Nimeandika barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa, yenye madai matatu: mtihani wa Baiolojia urudiwe kwa karatasi mpya, upangaji wa mikondo usitishwe mpaka matokeo halali yapatikane, na shule zote za ujirani mwema zifanye kila somo siku moja na saa ileile au ziache kutumia karatasi moja. Sikuomba mtoto yeyote afukuzwe. Kama wewe mwanao anasoma katika shule hizi na uliziona picha zile, nakuomba usizifute, kwa sababu ujumbe uliobaki kwenye simu unaonyesha saa ulipotumwa na hakuna atakayeweza kusema kwamba zilisambaa baada ya mtihani.

Nimepewa miadi Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitakwenda na simu yangu, ripoti ya binti yangu na madaftari yake ya Baiolojia ya mwaka mzima.