Dawa ya akili ikimgeuka mgonjwa, apigwe umeme?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila matusi. Mdogo wangu alichomwa sindano ya mwezi ya flufenazini. Siku ya nne homa ikafika 40, mwili ukakakamaa kama gogo, jasho tiririka, ukimsemesha anakutazama tu. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa kama chai ya rangi. Walidhani malaria, kipimo hakikuona kitu. Baadaye daktari akasema ni dawa yenyewe: hutokea kwa nadra, ila huua. Siku zilivyosogea bila nafuu akataja tiba ya umeme. Mama akagoma: "Mwanangu si pasi mumchomeke ukutani." Dogo alipona taratibu kwa dripu na vidonge. Ila bado najiuliza, tulikosea?

Kijiti: Mpe mama tano! Umeme huo walianza nao Cerletti na Bini kule Roma mwaka 1938, na miaka ile watu walivunjika hadi uti wa mgongo. Mtu kaumizwa na tiba ya akili, mnamwongezea nyingine?

Nesi wa Zamu: Ndugu yangu Kijiti, hiyo ni ya zamani. Siku hizi mgonjwa analazwa usingizi, misuli inalegezwa, anapewa oksijeni. Degedege linaloletwa na huo umeme mara nyingi halimalizi dakika, utaona vidole vya mguu vinacheza tu. Tena kwa hali hii ya kugeukwa na dawa ya akili, tunaiita NMS, hatuanzi na umeme. Dawa inasimamishwa, mwili unapozwa, maji mengi ya mshipani kuokoa figo, halafu lorazepamu, bromokriptini au dantrolini. Umeme ni hayo yakigoma. Sasa fikiria sindano ya mwezi: kidonge unaacha kumeza, ila dawa iliyoshalala kwenye nyama utaichomoaje? Na ugonjwa wa akili bado upo palepale, wakati dawa ya akili kama haloperidoli huwezi kumrudishia mpaka zipite angalau wiki mbili tangu apone. Umeme unashika yote mawili.

Kijiti: Utafiti wa kulinganisha uko wapi? Ninachosikia ni habari za mgonjwa mmojammoja.

Nesi wa Zamu: Hapo umenishika, ni hizo tu. Ugonjwa ni adimu, na mtu anayekata roho humpigii kura ya kupewa tiba au kunyimwa.

Babu Kijiweni: Mnabishana umeme, mimi nauliza mtu wa usingizi. Suksinilikolini, dawa ya kulegeza misuli, ukimpa mtu ambaye misuli yake imeanza kuyeyuka (ndiyo hiyo chai ya rangi) potasiamu inaweza kuruka moyo ukasimama. Anatakiwa anayejua kuchagua nyingine. India sheria yao ya 2017 inakataza umeme bila usingizi, watoto wa mjini wanasema imeisha hiyo. Pasipo na mtaalamu, niko upande wa mama.

Mleta mada: Hilo hatukuuliza, Babu. Nimemsomea mama mjadala wote, naye kauliza kitu kimoja: huyo daktari wa usingizi, usiku ule alikuwepo?