Walezi 2, watoto 14: tupange vipi zamu?

Swali: Wadau, watoto wote hawajafika miaka 2. Mmoja wetu akienda kubadilisha nepi, mwenzake anabaki na 13. Tufanyeje?

Jibu: Hamishieni meza ya nepi kwenye chumba walimo watoto, anayebadilisha awaelekee watoto, si ukuta. Vifaa vyote viwe mkononi kabla. Mtoto huanguka pale mlezi anapogeuka kutafuta kitambaa. Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 20 msikuruke, foleni iwe ndefu vipi. Kuhara huenea hapo.

Jibu: Lindeni mgongo pia! Unapomwinua mtoto, piga goti, mvute kifuani, ndipo usimame.

Jibu: Dada, andikeni kila siku: tarehe, saa, idadi ya watoto na walezi. Nakala kwa msimamizi, nyingine mbaki nayo. Malalamiko ya mdomo kwamba walezi ni wachache hukanwa kirahisi.