Mrejesho: nembo za zamani za TV kwenye kitabu cha rejea

Habari kutoka Mtwara, wakuu. Niliuliza kama naweza kuweka nembo za zamani za vituo vya televisheni, ikiwemo ya TVT (Televisheni ya Taifa) kabla haijawa TBC, kwenye kitabu changu cha rejea. Asanteni mlionijibu, ila aliyesema "weka tu, ni ya zamani" nusura aniponze. Nembo kutotumika tena hakuondoi hakimiliki.

Zile hoja nne za matumizi ya haki (fair use), yaani za kupima kama unaweza kutumia kazi ya mtu bila kibali, nilizokuwa nazishikilia kumbe ni za Marekani, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976. Kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999: unaruhusiwa kunukuu kazi iliyokwishatolewa, kwa kiasi kinachohitajika, ukitaja chanzo na jina la mtunzi.

Basi nimezipunguza zikawa kama stempu, kila moja kando ya aya inayoieleza. Jaladani sijaweka hata moja. Pale ingekuwa pambo tu. Ya TVT nimeitoa kwenye kanda ya VHS ya mjomba kule Mikindani, imeota ukungu hadi T ya mwisho haisomeki vizuri. Nimeiacha hivyohivyo. Barua ya kuomba kibali nimeshatuma, nasubiri.