Bia ya ngano ya Kijerumani isiyo na kilevi: hii imeharibika au ndivyo ilivyo?

Mtu wa Kibirizi
Wakuu habari za jioni. Nina kigrosari hapa Kigoma mjini, wateja wangu wengi madereva wa malori na watu wa maboti, na saivi wanaongezeka wanaotaka kukaa na wenzao wanywe kitu ila hawataki kulewa, mwingine yupo kwenye dozi, mwingine usiku huohuo anaendesha kwenda Kasulu, na malta za kopo wameshazichoka wanadai tamu mno. Sasa shemeji katoka Dar kaniletea katoni ya bia ya ngano ya Ujerumani, chupa za nusu lita, lebo imeandikwa alkoholfrei, yaani haina kilevi. Tumefungua moja na dada wa jikoni tukamimina: haionyeshi upande wa pili wa glasi, chini ya chupa kuna tope jeupe, na inanukia ndizi mbivu, yaani ndizi kabisa. Dada anasema hiyo imeoza mwaga. Mi nimeionja haina uchachu wa kuudhi ila utamu upo, na mwishoni kama karafuu kwa mbali. Mnaoijua, imeharibika hii? Na nzuri na mbovu mtu anazitofautishaje kabla sijaagiza za kuuza? Nawasilisha.

Kaunta ya Zamani
Usimwage mkuu!! Hivo vyote ulivotaja ndo sifa zake. Nimesimama kaunta ya hoteli Dar miaka, wageni wa Kijerumani ukiwapa ile isiyo na ukungu kama lager wanairudisha.

Ukungu ni hamira na protini za ngano, mana kwa Wajerumani kimea cha ngano lazima kifike nusu au zaidi, kinachobaki shayiri. Ndizi haijawekwa humo hata moja, ni aina ya hamira wanayotumia, ikichachusha inatoa kemikali ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu, na karafuu nayo ni hamira hiyohiyo. Kwa hiyo ukinusa ndizi na karafuu shukuru, kwenye hizi zisizo na kilevi harufu huwa inapungua sana. Wengine wanapika bia kamili alafu wanatoa kilevi kwa kuipasha kwenye mtambo ulionyonywa hewa ili ichemke kwa joto dogo, sasa kilevi kikitoka kinaondoka na harufu. Wengine wanaizuia hamira mapema isimalize sukari, hapo ndo unapata ule utamu wa kimea kibichi.

Kuonja fanya hivi. Chupa ikae wima kwenye friji mpaka kesho, usiinywe ya baridi kali, nyuzi 6 mpaka 8 inatosha, ikizidi baridi hutanusa kitu. Glasi iwe ndefu na iwe safi ya kweli, na hapa nakuonya wewe wa Kigoma: glasi iliyopita karibu na mawese au iliyooshwa kwenye beseni la sahani za samaki inaua povu palepale, utailaumu bia bure. Isuuze kwa maji baridi usiifute, ilaze, mimina taratibu, ukibakiza kama vidole viwili kwenye chupa simama, izungushe chupa mpaka lile tope linyanyuke, ndo umalizie juu. Povu liwe zito, jeupe, likae. Nusa kabla povu halijakata.

Mbovu ni ile inayonuka boksi lililoloa, hiyo imezeeka au imekaa juani. Au ina ukali wa siki, uchachu kidogo wa kuchangamsha mdomo ni sawa ila siki hapana. Tope likigoma kuchanganyika likabaki vipande vipande, angalia tarehe. Ikilipuka povu ukifungua usihukumu bado, imetoka Dar kwa barabara hiyo, ipumzishe ufungue nyingine.

Binti wa Ipuli
Kaka Kaunta umeeleza vizuri ila mi nipo Tabora nimeshakunywa hizo za aina mbili tatu na nasema wazi, nyingi zimezidi utamu. Ndizi sawa, povu sawa, ila ukifika nusu ya glasi unajiona unakunywa maji ya kimea, na hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, wanaweka kidogo sana kwenye bia ya ngano hata ile yenye kilevi, kwa hiyo hamna uchungu wa kuukata. Kwangu kipimo ni glasi ya pili, kama siitamani basi, harufu nzuri haitoshi. Alafu mtu wa sukari asidanganyike na neno alkoholfrei, wanga umo, asome nyuma ya chupa.

Mzee wa Reli
Shikamooni nyote mlionizidi, wengine marahaba 😂 Mjerumani alituletea reli mpaka Kigoma 1914, bia ndo inafika leo. Ila ile sheria yao ya bia ya Bavaria ya 1516 ilitaja shayiri, hops na maji basi, ngano watawala wakaja kuifanya mradi wao. Endeleeni.

Ustadhi Mwanga
Mtoa mada chunga hapo kwenye lebo. Ujerumani bia inaruhusiwa kuitwa alkoholfrei ikiwa na kilevi mpaka asilimia 0.5. Hamlewi mtu, lakini kwa sisi Waislamu hilo sio jambo dogo, na kuna mtu yupo kwenye dawa ambazo daktari kamwambia hata tone asiguse. Mwonyeshe mteja chupa aisome aamue mwenyewe, usimwambie tu "haina kitu". Zipo zilizoandikwa 0.0, hizo ni habari nyingine, ingawa wengine wetu hata hizo hatunywi kwa sababu ya jina.

Mtu wa Kibirizi
Asanteni sana wakuu, ustadhi nimekuelewa, ya kwangu kumbe ina 0.5 nyuma kwa maandishi madogo. Nimefanya kama kaka Kaunta alivosema, povu limesimama mpaka dada wa jikoni kacheka, na harufu ya karafuu imetoka vizuri kuliko jana. Tumeinywa na mgebuka wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, hapo ule utamu haukusumbua hata kidogo, ila bila chakula nipo na dada wa Tabora, glasi ya pili nzito. Nitaanza na katoni moja ya 0.0 niwauzie na samaki tu nione. Mwenye kujua wa jumla Dar anayetunza mzigo kivulini na tarehe zake bado mbali anicheki inbox.