Gari la babu lina tundu

Mimi: Shikamooni wote. Gari la babu liko juu ya stendi za chuma tangu asubuhi. Nimetoa zulia la miguuni kwa dereva nimeona ardhi. Ardhi yenyewe. [picha]

Mama: Mungu wangu! Na juzi si nimepanda humo?

Mimi: Ulikaa kwa abiria mama. Huko bado kuna bati. Kidogo.

Baba Mdogo: 😂😂😂

Mjomba: Marahaba. Sakafu achana nayo kwanza. Chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, umeigonga?

Mimi: Chesesi haina shida Mjomba, imepakwa ile dawa nyeusi nzito, inang'aa kabisa.

Mjomba: Hiyo nyeusi ndiyo naiogopa. Chukua nyundo ndogo, gonga toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu pu. Panapojibu pu, sukuma bisibisi.

Dada: We si ulisema unabadilisha shokapu tu?

Mimi: Shokapu, springi na bushi zote, ile mipira ya kwenye maungio. Seti nzima nimeshanunua, iko kwenye boksi. Nilitaka nifunge wikiendi hii.

Dada: Haya.

Mimi: Nimerudi. Karibu na ekseli ya nyuma, pale mkono mrefu unaoshika ekseli unapofungwa kwenye chesesi, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Nimeivuta imetoka na udongo. [picha]

Mjomba: Nilijua. Ndipo tairi linapotupia matope. Chesesi ni kama boksi, matope yanaingia ndani, matundu ya kutolea maji yanaziba, inaoza toka ndani kuja nje. Ile dawa nayo ilipigwa juu ya kutu, ikapasuka, maji yakaingia nyuma yake yakakosa pa kutokea. Sasa ungefunga springi mpya ngumu juu ya chuma hicho, mkono ungeng'oka siku ya kwanza ya shimo.

Baba Mdogo: Si abandike bati juu achomelee yaishe?

Mjomba: Shemeji hapana. Kutu itaendelea kula chini ya hilo bati. Akate mpaka akutane na chuma cheupe, aweke kipande chenye unene uleule. Bati la sakafu ni jembamba, la chesesi ni nene, asichanganye. Na chesesi amwite fundi mwenye mkono. Sakafu afanye mwenyewe, nukta nukta huku na huku, asivute mstari mmoja mrefu, bati litajikunja.

Mimi: Betri natoa?

Mjomba: Betri toa. Na zile bomba za mafuta na breki zinazopita pembeni ya chesesi, zisogeze kabla cheche haijaruka. Mkimaliza, praima, rangi, halafu nta unapuliza kwa ndani kupitia matundu. Nje kila mtu anapaka. Ndani ndiko kunasahaulika.

Mama: Na asiingie chini ya gari na jeki peke yake!!

Mimi: Stendi nne mama.

Mimi: Mjomba, nati ya mkono imetoka ila bolti inazunguka na mpira, haitoki.

Mjomba: Imeshikana na kile kibomba cha katikati ya bushi. Usipige moto, mpira utawaka moshi wake ni balaa. Kata bolti pande zote mbili kwa grinda, bushi si unazitupa?

Mimi: Sawa. Mpya nikishaziweka nabana kabisa?

Mjomba: HAPANA. Pitisha bolti, nati iguse tu. Teremsha gari likae kwa uzito wake, litikise, ndipo ubane. Bushi ya mpira haizunguki, inajisokota. Ukiibana gari likiwa linaning'inia, likishuka mpira unabaki umesokoteka muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa haraka zangu, miezi michache zote zikachanika. Nikaenda kumgombeza aliyeniuzia. Mpaka leo namwonea aibu.

Baba Mdogo: Kumbe na wewe shemeji 😂

Mjomba: Na baada ya hapo alaimenti, kunyoosha tairi, usisahau, tairi mpya hizo utazila.

Mimi: Basi boksi la springi narudisha ndani. Natafuta mtu wa kuchomelea kwanza.

Dada: Hilo tundu la sakafu liwekee kitu basi. Paka ameingia, amelala kwenye kiti cha babu. [picha]